Nyasi ya Kumfunga Chelangat

Kila mmoja wenu ameniuliza kivyake. Mmoja aliniuliza tukikama ng'ombe, mwingine kanisani huku mahubiri yakiendelea, na wale mliohamia mashamba ya Njoro mmenitumia salamu zilizojaa maswali. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande mnakitia chumvi mnavyopenda. Nimeshasikia kwamba nilipigwa, kwamba nilitiwa ndani, na kwamba niliolewa na askari. Basi nimekaa chini niandike mwenyewe, ili anayetaka kujua asome na anayetaka uongo aendelee na wake. Sikupigwa. Hayo mawili mengine yalibaki kidogo tu.

Ilivyokatika

Mliokuwapo siku ya harusi mtanivumilia, kwa sababu wengine hawakuona.

Jumanne asubuhi Chelangat wangu na Kiprono walibarikiwa kanisani. Mchana tukarudi nyumbani, hapa Dundori, tumalizie ya kwetu. Kwetu Wakipsigis kanisa ni kanisa, lakini kinachomfanya mtu awe mke wa mtu mpaka kaburini ni nyasi. Bwana harusi humfunga bibi harusi mkononi, naye bibi harusi humfunga bwana, na fundo hilo halifunguliwi. Nyasi hiyo tunaiita segutiet. Nilikuwa nimeichuma mwenyewe jana yake karibu na josho la ng'ombe, konzi nzuri, kijani kabisa.

Chelangat akanyoosha mkono. Kiprono akazungusha nyasi, akaivuta, ikakatika. Watu wakacheka kidogo. Akachukua nyingine, akavuta polepole kama anayefunga kidonda, nayo ikakatika. Ya tatu ilipokatika hakuna aliyecheka tena. Nilimwona mama yake Kiprono akijitanda shuka lake begani, jinsi anavyofanya mtu anayejiandaa kwenda.

Mzee Arap Tuei, aliyekuwa akisimamia shughuli, aliokota kipande akakinusa, kisha akakitemea mate. "Hii si segutiet," alisema. "Hii ni nyasi ya mzungu."

Na ni kweli. Mzungu mwenye shamba tunalofanyia kazi alilima malisho yote ya zamani akapanda mbegu ya kigeni ili ng'ombe watoe maziwa mengi, na palipobaki akapanda pareto. Sisi tuliendelea kuita kila jani jina lile lile la zamani, hatukuangalia. Mzee akasema segutiet yenyewe bado iko Kuresoi, upande wa mjomba wangu, na iletwe ikiwa hai na mizizi yake, kwa sababu kavu haifungi mtu.

Likizo ya Kiprono ilikuwa inaisha Jumapili, maana anaendesha lori Kitale. Mama yake akasema mbele ya wote, "Tutangoja mpaka Jumamosi. Jumapili tunaenda, na yeye au bila yeye." Hakusema kwa ubaya, lakini nilijua maana yake. Msichana aliyekatikiwa na nyasi mara tatu, watu wakaondoka bila kumfunga, nani mwingine atakuja kumnyooshea mkono? Chelangat alikuwa amesimama pale pale, mkono bado mbele yake, kama aliyesahaulika. Tangu baba yake afariki sijawahi kushikwa na hofu ya namna ile.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi mwenyewe segutiet sikuijua. Nililetwa shambani hapa nikiwa mdogo sana, na siku ya harusi yangu nilikuwa naangalia miguu ya bwana, sikuangalia nyasi.

Juu ya madebe ya maziwa

Niliondoka alfajiri na lori la maziwa, nikakaa nyuma katikati ya madebe. Mvua ilikuwa imenyesha, na pale mteremko unapoanza lori likazama mpaka kwenye ekseli. Dereva alikuwa Mkamba mpole, mwenye maneno mengi.

"Mama, wewe ni mzito?" akaniuliza.

"Kwa nini?"

"Kama wewe mzito, baki juu tupate uzito huku nyuma. Kama wewe mwepesi, shuka usukume."

Nilishuka nikasukuma, na tope likanifika magotini. Tulikata matawi, tukaweka mawe, tukasukuma tena. Tulipita mbele ya nyumba za jirani zetu Wagikuyu, wale wachumaji wa pareto, ambazo zilikuwa tupu tangu wapakiwe kwenye malori wakati Emajensi ilipoanza, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Milango ilikuwa wazi na kuku wa mtu mwingine walikuwa ndani. Sikupenda kuangalia huko.

Nakuru tulifika wakati gari la moshi limeshaondoka. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na lile vumbi jeupe linalowasha macho. Kwa kuwa ilikuwa lazima ningoje la kesho, nikajiambia labda Mungu amenichelewesha kwa sababu, labda nyasi hata mjini iko. Niliingia duka moja la Mhindi karibu na soko, nikamuuliza mzee wa duka, "Majani ya harusi iko?"

"Iko, iko," akasema, akapanda ngazi. "Harusi ya watu ngapi?"

"Wawili tu."

"Wawili!" Alinigeukia kutoka juu kwa huruma nyingi. "Basi majani kidogo." Akashuka na pakiti ndogo ya majani ya chai.

Nilimweleza kwamba nataka majani ya kufunga, akaniambia hata hii imefungwa vizuri, angalia. Nikatoka nikicheka, na nilipofika mlangoni kicheko kikageuka machozi, nikasimama pale nikijifuta na ncha ya leso. Dada mmoja wa kanisa letu alinilaza kwake na kunipa viazi na chai ya rangi, akaniombea. Maombi niliyasikia nusu tu.

Mama yangu mwenye jina la kiume

Kesho yake nilipata nafasi daraja la tatu, dirishani. Gari la moshi lilipanda taratibu, Njoro, Elburgon, Turi, na kila stesheni lilisimama kama lililosahau linakokwenda. Nilikuwa nikiangalia kando ya reli tu. Nyasi, nyasi, nyasi! Sijawahi kujua dunia ina nyasi nyingi hivyo na zote hazifanani. Nyingine ilikuwa na kichwa chekundu, nyingine na vidole kama mkono, nyingine ilitambaa chini. Nikifika Kuresoi nikachuma isiyo yenyewe, nitarudi nyumbani na nini?

Mbele yangu alikaa Mluhya mmoja, fundi wa kiwanda cha mbao, akila mahindi ya kuchoma. Akanivunjia kipande.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kuresoi. Naenda kwa mama."

Sasa hapa ndipo nilipoharibu safari. Kwa Kikipsigis, "mama" ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Kwa Kiswahili nalijua neno hilo vizuri, lakini akili yangu ilikuwa kwenye nyasi, na ulimi ukasema wa nyumbani.

"Mama yako anaitwa nani? Mimi najua watu wengi huko, nilipasua mbao huko."

"Arap Sigei."

Aliacha kutafuna, maana Arap ni "mwana wa", jina la wanaume. "Mama yako anaitwa Arap?"

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo, kisha akapiga goti lake. "Aa! Mama ya Arap Sigei! Yule mzee sana, nyumba yake iko nyuma ya msitu wa saipresi. Mimi nitakupeleka mpaka mlangoni."

Nami nikasikia jina la mjomba tu, nikashukuru Mungu kwa kunipa mtu anayejua njia. Tulishuka Molo kwenye baridi inayouma mifupa, tukatembea. Alinibebea kikapu njia nzima akinisimulia habari za misumeno. Jua lilikuwa limeinama tulipofika kwenye boma fulani, naye akaita kwa furaha, "Nyanya! Nimekuletea mtoto wako!"

Alitoka ajuza mmoja, mwili umebaki mifupa, sikio moja halisikii na lingine linasikia likitaka. Hakuwa mtu wangu hata kidogo. Fundi wa mbao akaaga akaenda zake, ameridhika kabisa na wema wake. Mimi nikabaki na bibi asiye wangu, aliyeshika mikono yangu yote miwili.

"Umekonda," akaniambia kwa lugha yetu. "Kaa ule."

Nilijaribu kueleza. Nikasema Arap Sigei, akasema ndiyo, mwanangu, yuko kwenye ng'ombe, atarudi. Nikasema nyasi, akasema nyumba haivuji, usijali. Nikasema Jumamosi, akasema leo si Jumamosi. Alinipa ugali wa wimbi, nyama na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu yenye masizi, matamu ajabu, na kila nilipotaka kusimama alinivuta sketi nikae. Nje ukungu ulishashuka na njia siijui. Nilikula nikiwa na hasira juu yake, na hasira ile ilinitia aibu, kwa kuwa alikuwa akinichagulia nyama iliyo laini.

Mwanawe aliporudi ndipo mambo yalipoeleweka. Akina Arap Sigei ni wengi kule. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, kisha akaniambia kwa mjomba wangu ni ng'ambo ya bonde, nusu siku kwa mguu, na kwamba asubuhi atanionyesha. Siku nzima ilikuwa imepotea kwa neno moja.

Kuresoi

Mjomba nilimkuta amelala na homa ya mapafu, hawezi hata kukaa. Alifurahi kuniona akalia, nami nikalia, halafu nikaona haya kumwambia kwamba nimekuja kwa ajili ya nyasi. Mkewe, Bot Kipsang, yaani mama yake Kipsang, ndiye aliyeniuliza moja kwa moja.

"Watu hawatoki Dundori kwenye matope haya kwa sababu ya salamu. Nani amekufa?"

"Hakuna. Chelangat hajafungwa. Nyasi ilikatika."

Akaweka chini kibuyu. "Mara ngapi?"

"Tatu."

Alichukua panga, akanishika mkono, tukateremka mpaka mahali ng'ombe wanapolamba chumvi. Pale ardhi imekanyagwa miaka na miaka, na hakuna jembe lililopita. Akaniambia, "Haya, chuma."

Nilichuma. Akatazama akatupa. Nikachuma nyingine, akatupa. Alikuwa mkali kama alivyokuwa mama yangu akinifundisha kukama.

"Unachuma kwa macho," alisema. "Kwa macho zote ni ndugu. Toa kidole."

Akazungusha shina moja kwenye kidole changu cha shahada, akapiga fundo, akavuta. Likakatika. Akachukua lingine ambalo mimi niliona ni lile lile, akafunga, akavuta mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi. Halikukatika.

Kisha akaniketisha pale kwenye tope akanionyesha. Ile nyingine shina lake lina uwazi ndani kama mrija, ukilibana linabonyea. Segutiet imejaa, haibonyei. Mahali jani linapoachana na shina pana vinywele vifupi ambavyo jicho halivioni mpaka uinue kwenye mwanga, lakini mdomo wa juu unavisikia ukivipitisha hapo. Ukilivuta linatoka na udongo, kwa kuwa mizizi haitaki kuachia. Aliniambia wao huifungia mizigo ya kuni, huitandikia ndama waliozaliwa usiku wa baridi, huanzia nayo safu ya kwanza wanapoezeka nyumba, na watu wawili waliogombana wakiishika pamoja hawapigani tena siku hiyo.

"Sasa funga mwenyewe," akasema. Nikafunga, nikafunga, mpaka kidole kikachubuka. Nilipozitambua kumi mfululizo alitikisa kichwa tu kunikubali, tukachimba fungu zima pamoja na udongo wake, tukaliviringisha kwenye gunia lililolowa.

Ilikuwa Ijumaa. Mjomba alinitemea mate ya baraka kiganjani, nikaondoka nikijua labda simwoni tena.

Gogo barabarani

Usiku nililala Molo. Gari la moshi lisingenifikisha kwa wakati, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilipanda lori la viazi lililokuwa likienda Nakuru. Nilikaa juu ya magunia na wanawake wengine, gunia langu mapajani, likidondosha maji ya tope kwenye sketi. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nilisikia njaa, na mama mmoja muuza viazi alinipa kiazi kilichochomwa kwenye majivu. Sijakimaliza tukafika mahali barabara imezibwa kwa gogo, kabla ya Njoro. Tukashushwa sote.

Askari aliyekagua mizigo alikuwa mrefu, mwenye mafua, tena mchovu.

"Mama, hii nini?"

"Nyasi."

"Unatoa nyasi Kuresoi unapeleka wapi?"

"Dundori."

"Dundori hakuna nyasi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kumbe sikupaswa.

"Ni ya harusi, afande."

"Inafanya nini kwa harusi?"

"Inafungwa mkononi."

Uso wake ukabadilika, na hapo hapo nikaelewa nilichosema. Nyote mnajua siku zile watu walivyokuwa wakinong'ona, kwamba wanaolishwa kiapo msituni huvishwa nyasi mkononi.

"Mkono ya nani?"

"Bwana harusi na bibi harusi."

"Wakifungwa, kuna mtu anasema maneno?"

"Mzee anasema."

"Maneno gani?"

"Ya kubariki."

"Na baadaye wanaweza kufungua?"

"Hapana. Mpaka kufa."

Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilinizamisha zaidi. Alilimwaga gunia barabarani, akatawanya fungu langu kwa kiatu, akamwita mwenzake. Wale wanawake niliokuwa nimekaa nao walijisogeza kidogo kidogo mpaka nikabaki peke yangu kama mwenye ugonjwa. Dereva alikuwa akitazama juu, akitafuta mawingu. Nilimfikiria Chelangat amekaa mbele ya nyumba akisikiliza kila lori linalopanda Dundori.

"Sawa," askari akasema. "Kama ni ya harusi kweli, nifunge mimi. Nione vile mnafanya." Akapandisha mkono wa shati, akaniletea mkono mpaka mbele ya pua.

Nilirudisha mikono yangu nyuma ya mgongo. Ilienda yenyewe.

"Siwezi."

"Hauwezi kwa nini?"

Yeye kwake ilikuwa jani tu. Kwangu mimi, mwanamke akimfunga mwanamume segutiet mbele ya watu, amemfunga, hakuna cha mchezo.

"Unaona?" akamwambia mwenzake. "Anaogopa. Hii ni mambo ya kiapo. Weka yeye kando."

Mwenzake akanishika bega, na hapo hofu ikanifungua kinywa badala ya kukifunga. Nilipiga kelele.

"Nikikufunga nitakuwa bibi yako! Mimi nilifungwa kitambo, bwana yangu amekufa na hakunifungua, nitafungwaje tena? Na wewe, nyumbani hauna bibi? Utamwambia nini, umeniokota kwa barabara na viazi?"

Kisha yule muuza viazi, bila kuinua kichwa, akasema, "Afande, wacha mkono hapo hapo. Huyu mama anaonekana anajua kazi."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikamfikia dereva, kikamfikia askari wa pili mpaka akaniachia bega. Yule mrefu aliurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, akashusha shati akafunga na kifungo.

"Chukua takataka yako," akasema. "Toka hapa."

Nilipiga magoti barabarani. Fungu lilikuwa limekanyagwa na kuchanganyika na nyasi za kando ya njia, zote zimepakwa tope lile lile. Lori likawashwa. Dereva akapiga honi. Sikuweza kuona chochote kwa macho, basi nikafunga, shina moja baada ya jingine, kwenye kidole kile kile kilichochubuka. Lililokatika nilitupa. Lililokaza nilitia kifuani. Mikono haikukosea. Niliporukia lori likianza kwenda, nilikuwa na mashina machache tu, yenye mizizi yake, ndani ya blauzi, na hakuna mtu angeweza kunidanganya juu ya hata moja.

Jumamosi

Jua lilikuwa linazama nilipopanda kilima kwa miguu kutoka barabara kuu. Mama yake Kiprono alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Arap Tuei alichukua shina moja, akalipitisha kwenye mdomo wake wa juu, akasema, "Waiteni."

Sikuvua hata viatu. Nilisimama na matope yangu nikaangalia mkono wa mtoto wangu. Kiprono akazungusha, akapiga fundo, akavuta. Ngozi ya Chelangat ilibonyea chini ya nyasi, na nyasi ikakaa. Naye akamfunga Kiprono, ikakaa. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama yake Kiprono ndiye aliyepiga cha kwanza, akanishika shingo akalia begani kwangu.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka mno, na furaha ilikuwa bado haijanifikia. Jumapili asubuhi walipakia sanduku la Chelangat kwenye lori la maziwa, naye akanikumbatia, akaniambia, "Kula vizuri," kana kwamba yeye ndiye mama. Nikamwambia asikae upande wa upepo. Nilipunga mkono mpaka lori likapotea kwenye miti.

Mnaniuliza kama nimefurahi. Nimefurahi sana, na ningeenda tena hata kesho. Lakini njia nzima niliogopa tu kwamba nyasi itakatika, sikupata nafasi ya kuogopa kwamba itakaza. Jumatatu alfajiri kengele ya kukama ilipolia, nilivaa kabuti langu, nikachukua ndoo zote mbili, yangu na ya Chelangat, nikasimama mlangoni nikimngoja atoke.